Siku Niliyosimama Juu ya Debe la Bi Mwanasiti

Kuna watu huku Changamwe wasiojua kwamba jina langu ni Sidi. Jina wanalolijua ni Hata Tone, na wakiniita hivyo barabarani nageuka na kuitika, kwa sababu mwanzoni nilikasirika mpaka nikachoka, na pia kwa sababu (niseme tu ukweli) jina lenyewe nilijipa kwa mdomo wangu, kwenye maiki, mbele ya watu waliovaa vizuri. Aibu ile bado ninayo. Hunijia nikiosha vyombo, nacheka peke yangu kwanza, halafu masikio yanashika moto. Basi sogeeni niwasimulie, ila atakayecheka acheke taratibu, maana Baba yangu yumo ndani ya habari hii.

Mimi kazi yangu ni kuosha matumbo kwenye machinjio ya umma. Ng'ombe huchinjwa alfajiri, daktari wa mifugo anakagua na kupiga muhuri, nyama inaondoka kwenda kwa wenye bucha, na sisi wa chumba cha nyuma tunabaki na matumbo, mimi na Bi Mwanasiti, mama mtu mzima wa Mikindani aliyenifundisha kazi. Watu wakisikia hivyo hukunja pua, lakini chumba kile kina raha yake jamani. Mvuke wa maji moto hupanda mpaka kwenye madirisha ya juu, jua likaingia humo vipande vipande, yangeyange weupe wanatembea juu ya mabati tunasikia kucha zao, ndege za abiria zinazokwenda kutua zinapita chini mpaka kuta zinatetemeka kidogo, na mimi mikono yangu iko ndani ya utumbo laini wenye joto bado, basi kichwa changu hutoka kikaenda zake. Huenda Kaloleni kwa marehemu nyanya, kwenye ile baraza yake ya udongo, mvua inanyesha juu ya makuti na mimi ni mdogo nimelala kwenye mkeka namsikiliza akichuja tui. Nikifika hapo Bi Mwanasiti hunigusa kwa kiwiko. "Sidi, rudi," ananiambia, wala hakasiriki. Nami narudi.

Sasa lazima niwaeleze habari ya debe, bila hilo hamtaelewa kitu. Huku kwetu maji hayakai mferejini, yanazuru tu. Yanakuja siku yanayotaka, saa yanayotaka, na usipoyawahi yanakwenda zake. Kwa hiyo mfereji wa chumba cha matumbo haufungwi kamwe, unaachwa wazi ukiwa mkavu kutwa kucha, na chini yake, ndani ya karo, Bi Mwanasiti ameweka debe kuukuu la mafuta ya kupikia, amelipindua kifudifudi. Maji yakija, debe linalia. Linalia hasa, machinjio mazima yanasikia, na kila mtu anaacha alichoshika anakimbilia mipira na matangi. Nadhani hata ninyi nyumbani mna sufuria ya namna hiyo, mnacheka nini?

Na sasa Baba. Baba yangu anakaa Kaloleni, ni mzee wa kanisa, mtu wa suti moja na viatu vyeusi ambavyo kila Jumamosi anavipiga rangi mpaka ukijitazama unajiona. Nilipopata kazi hii hakunikataza wala hakunisema vibaya. Alichofanya ni kubadilisha salamu. Zamani nikifika nyumbani alikuwa ananipa kiganja, kiganja kwa kiganja, hakiachii mpaka habari zote ziishe. Tangu nianze matumbo akawa ananishika kifundo cha mkono, kidogo tu, halafu anauliza barabara ilikuwaje. Na kanisani wakimwuliza Sidi anafanya kazi gani, anajibu, "Sidi yuko Mombasa," kana kwamba Mombasa ni kazi. Iliniuma. Sikumwambia, lakini kila nikipanda gari kurudi mjini nilikuwa natazama kile kifundo changu njia nzima na kuwaza nitafanya nini ili Baba anipe kiganja tena.

Ndipo ukaja mkutano. Majirani wa machinjio walikuwa wamelalamika kwamba maji machafu yanatoka kwenye lango letu na kuingia barabarani kwao, wanapopita watoto na mama wauza mahamri, na afisa wa afya akasema atakuja kusikiliza pande zote mbili, aone kwa macho yake, kisha aamue kama tutaendelea kuchinja pale au tutafungwa. Meneja akaona bora awaalike majirani wote waje ndani, wakae chini ya hema, wanywe soda, waone tulivyo wasafi. Akataka mtu mmoja aseme kwa niaba ya wafanyakazi. Mimi kanisani husoma masomo, sauti ninayo, akanichagua mimi.

Siku hiyo hiyo nikampigia Baba simu. Nikamwambia nitahutubia, mbele ya serikali, kuhusu usafi wa kazi yetu, na ningependa aje.

"Nitakuja," akasema.

Kuanzia hapo nilikuwa natembea lakini miguu sikuisikia. Nilihutubia matumbo wiki nzima. Nilikuwa naona kabisa vile itakavyokuwa, mimi nimesimama, watu wametulia, Baba amekaa mbele, mwisho anainuka ananijia na kiganja chake kimefunguka. Bi Mwanasiti aliniambia "Sidi, rudi" mpaka sauti ikamkauka.

Siku yenyewe ilipofika tulichinja asubuhi na mapema, tukaosha kila kitu kwa maji ya mwisho yaliyokuwa kwenye matangi, kuta tukazisugua, lami ya uani (si lami, ni saruji, ila tuliisugua ikang'aa kama lami) tukaipiga mafagio. Hema likafungwa uani, mbele kabisa ya mlango wa chumba cha matumbo, kwa sababu ndipo penye kivuli. Hapo ndipo nikaanza kupanga mambo. Mtaro wa ndani ulikuwa unatoa kaharufu, si kakali, lakini wageni watakaa karibu, nikachukua gunia nikalikunja nikaziba tundu lake. Aproni zetu chafu nikazilundika ndani ya karo, zisionekane. Makarai mawili ya ule uchafu wa kijani wa tumboni yalikuwa bado yako pale, maana mwenye mkokoteni wa kupeleka shimoni hakutokea, nikayasukuma nyuma ya mlango. Nikavua ndara zangu za bluu nikaziacha ndani, nikavaa viatu vya kanisani. Nikatazama chumba, nikajisifu.

Ilibaki meza. Meneja alikuwa ameleta meza ya ofisini kwake, ndefu kwenda juu, ile ya kusimamia watu wa mapokezi, akaweka maiki juu yake. Mimi Mungu hakunipa urefu. Nilipojaribu kusimama nyuma yake, aliyekuwa anafunga hema akaniambia dada tunaona kitambaa cha kichwa tu. Nikawaza, Baba atoke Kaloleni na suti yake aje atazame kitambaa cha kichwa? Nikaingia ndani, nikalitoa debe chini ya mfereji, nikalifunika leso mpya lipendeze, nikaliweka nyuma ya meza. Nikapanda. Urefu ukatosha kabisa, mpaka nikaona barabarani.

Bi Mwanasiti alikuwa mlangoni, mikono kiunoni.

"Wenda wapi na debe langu?"

"Naliazima tu, Bi Mwanasiti. Nikimaliza nalirudisha."

"Na maji yakiya?"

"Bi Mwanasiti, wiki nzima hayajaja, yatakuja leo kwa ajili ya hotuba yangu?"

"Maji hayana adabu, mwanangu," akasema, akaenda zake kupanga soda. Na mimi (hapa ndipo huwa nataka kujipiga kofi) sikufunga mfereji. Haikunijia hata kidogo. Mfereji ule nimeukuta wazi siku ya kwanza ya kazi, nilikuwa nauona kama mlango wa kanisa, hauna habari ya kufungwa.

Wageni wakaja. Majirani wakakaa upande mmoja, wenye bucha upande mwingine, na afisa wa afya, mama mmoja wa bara mwenye kalamu nyuma ya sikio, akakaa mbele na meneja. Halafu nikamwona Baba langoni, suti, kofia mkononi, viatu vinametameta. Mlinzi akamwuliza kwa heshima, "Shikamoo mzee, wewe ni wa nani hapa?" Nilikuwa nimeshaanza kwenda kumpokea, nikasikia jibu lake.

"Nimekuja kwa mkutano," akasema Baba.

Akaniona, akatabasamu, akanishika kifundo cha mkono. Nikamkalisha mstari wa mbele, kiti cha pembeni, nikaenda kupanda juu ya debe langu.

Nilianza vizuri. Wallahi nilianza vizuri (haya maneno ya kiapo nimeambukizwa na Bi Mwanasiti, kanisani wananisamehe). Nikaeleza vile tunavyonawa, vile gambuti zinavyooshwa kabla ya mtu kuingia, vile nyama isiyo na muhuri haivuki lango. Jua lilikuwa limekuwa laini, hema linapumua kwa upepo, ndege moja ikapita chini kivuli chake kikatufunika wote kisha kikaondoka. Na katikati ya maneno yangu nikasikia maji. Mbali, polepole, yasiyo na kelele. Hayakunishtua hata kidogo, kwa sababu sauti ile nilikuwa naijua, ni ya Kaloleni, ni mvua juu ya makuti ya nyanya. Nikaona raha. Nikajua nimefika pale ninapofikaga, na sauti yangu ikazidi kuwa tamu, nikajisikia naweza kuhutubia mpaka magharibi.

Nikaona watu wa mstari wa mbele wameinamisha vichwa wanatazama chini. Nikasema moyoni, maneno yamewaingia.

Mama mmoja jirani akakusanya leso yake akaishika magotini. Nikasema, huyu karibu atalia.

Wenye bucha wakaanza kuinua miguu, mmoja baada ya mwingine. Hiyo sikuielewa, lakini ndoto haiulizi maswali, nikaendelea. Nikafika kwenye sehemu niliyoipenda kuliko zote, ile niliyoyahutubia matumbo wiki nzima, nikanyoosha mkono kuelekea mlango uliokuwa nyuma yangu bila kugeuka, nikasema kwa sauti ya kusoma Zaburi:

"Waheshimiwa, mlango huu mnaouona, hata tone, nasema hata tone moja la maji machafu, halitoki nje ya mlango huu!"

Watu wakasimama. Wote, viti vikalia, upande huu na upande ule, hata meneja, hata afisa. Macho yakanijaa machozi. Nikawapungia mkono.

"Ketini tu," nikawaambia kwenye maiki. "Ketini jamani, mimi si mtu mkubwa."

Hakuna aliyeketi. Nikasikia sauti ya Bi Mwanasiti ubavuni mwangu, ndogo, ya upole, ile ile ya kila siku.

"Sidi, rudi," akasema. "Maji yamekuya."

Nikatazama chini. Mimi nilikuwa mkavu, nimesimama juu ya debe lile lile ambalo lingelia likatuokoa sote, na pande zangu zote uani pamekuwa kijani. Maji yalikuwa yameshukia aproni kimyakimya, yakajaza karo, yakamwagika sakafuni, yakaenda mtaroni yakakuta gunia, yakarudi yakapindua makarai yangu mawili nyuma ya mlango, kisha yakavuka kizingiti pamoja na vyote yalivyovikuta. Yalikuwa yanapita chini ya viti kwa utaratibu kabisa kuelekea langoni, na kutoka langoni kuelekea barabara ya majirani. Na katikati yake ilikuwa inateremka ndara yangu moja ya bluu.

Nikashuka. Heri ningebaki juu. Kiatu cha kanisani hakijui saruji yenye utelezi, mguu ukaenda huko na mimi huku, nikashika ukingo wa meza, meza ikanifuata, maiki ikaanguka majini ikatoa mlio mrefu ambao nasikia uliwafikia mpaka waliokuwa kwenye foleni ya malori. Nilipofanikiwa kukaa (maana kusimama kulikataa) nilikuwa nimelowa mpaka kifuani, na jani la kijani la tumboni mwa ng'ombe limeniganda shavuni.

Afisa wa afya alikuwa amesimama juu ya kiti, amejishika sketi. Alinitazama, si kwa ubaya.

"Dada," akasema, "tone ndilo hili?"

Hapo ndipo kicheko kilipolipuka, majirani, wenye bucha, mlinzi, wote. Mimi sikumtafuta mwingine, nilimtafuta Baba. Nilidhani nitamwona yuko juu ya kiti kama wenzake, au yuko njiani anaelekea lango, na sijui kipi kati ya hivyo viwili kingeniumiza zaidi.

Baba alikuwa amekaa. Mtu pekee aliyekaa chini ya hema lile lote. Miguu yake ilikuwa palepale alipoiweka tangu mwanzo, viatu vyake vya Jumamosi vimezama kwenye kijani mpaka kwenye kamba, mgongo umenyooka, na juu ya goti la suti ameshika ndara yangu, ameiokota, kwa mikono miwili kama mtu aliyepewa kitabu cha nyimbo. Kwetu mtu akiwa anazungumza mbele ya watu, huinuki ukamwacha. Basi hakuinuka. Alikuwa bado ananisikiliza.

"Umemaliza kusema?" akaniuliza.

"Nimemaliza, Baba."

"Haya."

Akavua viatu, akaviweka juu ya kiti, akakunja suruali mpaka magotini. Nilikuwa sijaiona miguu ya Baba tangu utotoni. Akaja akachukua ule mpira wetu wenye mpini wa kusukumia maji uliokuwa umeegemea ukuta, akaanza kusukuma maji kuyarudisha kutoka langoni. Bi Mwanasiti akamkimbilia huku amejifunga leso kiunoni, ameshafunga mfereji na kuzibua mtaro.

"Acha mzee wangu, acha," akamwambia. "Wewe ni mgeni wetu."

"Mimi si mgeni," Baba akasema, na hakupunguza sauti. "Mimi ni babake huyu."

Watu walisikia. Mlinzi alisikia. Kicheko kikapungua, na yule mama jirani wa leso akashuka akachukua fagio, wakafuata wengine, na mimi nikainuka nikaingia mstarini nasukuma maji huku nalia, na ninawaambia hivi, sikuwa nalia kwa aibu. Aibu ilikuja baadaye usiku, ikaja na mizigo yake yote, ikahamia kabisa.

Tulifungwa, hilo msiwe na shaka nalo. Wakati tunasukuma yale maji afisa alikuwa anatutazama, akaona kwamba tukisukuma kuelekea mtaroni yanarudi, tukiyaacha yanakwenda langoni yenyewe, akasema sakafu imeinamia nje na majirani walikuwa wanasema kweli siku zote. Ikavunjwa, ikamwagwa upya ikielekea mtaroni, mtaro ukapanuliwa, na sisi tukakaa nyumbani mpaka kazi ikaisha. Tuliporudi nilikuta nimeshakuwa Hata Tone mpaka kwa wauza mahamri, hao ambao sasa hupita pale langoni bila kuruka kitu.

Jioni ile ya mkutano nilimsindikiza Baba stendi. Alivaa viatu vile vile vikiwa vimelowa, vinasema neno kila akikanyaga, na sote wawili tulikuwa tunanuka mpaka watu wanatupisha njia. Kabla ya kupanda gari akanigeukia. Mimi nikampa kifundo, kwa mazoea. Akakitazama, akakiacha, akashika kiganja, kikiwa na kijani chake na uchafu wake, na chake kilikuwa hivyo hivyo, akakishikilia mpaka kondakta akaanza kulalamika.

Basi nimeapa. Debe la Bi Mwanasiti siligusi tena, hata wageni wakija na ving'ora, na siku nikiitwa kuhutubia (hawajaniita) nitasimama chini kwa urefu wangu huu huu, asiyeniona anisikie. Nikiondoka kazini nalitazama kwanza kama liko, halafu narudi kulitazama tena.

Lakini si mimi peke yangu ninayeliangalia. Kila Jumapili Baba hunipigia simu akitoka ibadani, na kabla hajaniuliza habari, kabla hata ya Bwana asifiwe, anauliza, "Sidi, debe liko mahali pake?" Nikimjibu liko, nasikia nyuma yake wazee wenzake wanauliza debe gani hilo, naye anawaambia, "La kazini kwa binti yangu, anaosha matumbo machinjioni Changamwe, hebu kaeni niwasimulie." Anasahau kukata simu, na mimi nakaa pale kitandani namsikiliza akiwasimulia yote tangu mwanzo, mpaka kwenye ndara.